Mpaka Kona ya Mkaratusi

Juzi mwanangu Amani alirudi kazini na pikipiki yake, akaiegesha chini ya dirisha la chumba ninacholala, na harufu ya mpira ulioungua ikanifikia mpaka kitandani. Breki hizo. Sijui zilikuwa na nini, mafundi ndio wanaojua. Mimi niliinuka nikakaa, nikajikuta natafuta kanga yangu haraka haraka, eti nikampokee baba. Baba yangu huyo huyo ambaye tulimzika kule milimani mimi mwenyewe nikiwa bado na nywele nyeusi.

Amani akaingia, shikamoo mama, marahaba, hata maji hakunywa. Akatoa neno lililokuwa limemkaa kooni wiki nzima. Wamepata nyumba huko mbele ya Chanika, ina vyumba vitatu na uwanja wa mtoto kuchezea, na kodi yake ni nusu ya hii wanayolipa hapa Ilala kwa vyumba ambavyo ukijinyoosha unapiga ukuta. Lakini kazi yake iko Posta. "Nitakuwa natoka alfajiri, mama, narudi giza limeshaingia. Mke wangu anataka twende. Mimi sijui. Wewe unasemaje?"

Nikamwambia aniache nifikiri. Wala sikuwa nafikiri. Nilikuwa nimeshapanda zamani, niko Lushoto, nimesimama kwenye umande nasubiri baiskeli.

Tulikuwa tunakaa mjini pale, nyuma ya soko, chumba kimoja kwa Bi. Zaina, mjane aliyekaanga vitumbua barazani na kumjua kila mpita njia kwa makosa yake. Baba alikuwa tarishi wa ofisi ya wilaya. Uhuru ulikuwa bado mbichi, na nyie wa rika langu mnakumbuka tarishi alikuwa mtu wa namna gani siku hizo: kaptura ya kaki iliyonyooka, soksi mpaka magotini, mkoba wa ngozi begani. Mimi nilidhani serikali yenyewe ndiyo iliyokaa ndani ya ule mkoba. Baba alipoumwa homa, nilihuzunika sana kwa ajili ya nchi.

Saa saba mchana kengele ya ofisi ikilia, baba alikuja nyumbani kula. Hili nataka mlijue vizuri, maana kila kitu kinatokana na hili. Niliijua miguu yake kwenye changarawe kabla hajafika kwenye ngazi. Alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye kigoda, mimi nikakaa katikati ya magoti yake, na tonge la kwanza lilikuwa langu. Nilikuwa nimerithi jina la mama yake mzazi, Eliza, kwa hiyo hakunitaja jina hata siku moja. Aliniita mama. "Haya mama, nieleze, leo dunia imekwendaje?" Nami nikamweleza: paka wa Bi. Zaina kaiba utumbo, mtoto wa fulani kajikojolea. Alisikiliza kama anayepokea taarifa ya kikao. Akirudi ofisini nilibaki nimeshiba, na si ugali ulionishibisha.

Kisha Bi. Zaina akapandisha kodi, na mama akawa mjamzito, yote kwa mkupuo. Mama alikuwa mtoto wa shamba. Mle chumbani hakuwa na mahali pa kupanda hata kitunguu, na alipikia ukumbini pamoja na wanawake wengine watatu, moshi wa huyu unaingia kwenye uji wa yule. Akaanza kusema jioni kwa jioni: "Nguo ya kuazima haisitiri matako, Baba Eliza. Tutafute mahali."

Mahali palipopatikana palikuwa juu kabisa, baada ya Magamba, kando ya njia ya kwenda Kwai. Mzee Hoza alikuwa na nyumba ya udongo imekaa tupu, maana wanawe walikuwa wameteremkia kwenye mashamba ya mkonge na hawakurudi. Mzee huyo alikuwa mbishi na bahili, mtu wa kuokota msumari ulionyooka na uliopinda, lakini kodi hakutaka. Alitaka tumtunzie ng'ombe. Ndiyo desturi yetu Washambaa: mwenye ng'ombe humkabidhi mwenzake amlishe, maziwa na samadi ni vya mtunzaji, ndama wa kwanza ni wa mwenye ng'ombe, na ndama wa pili ni wa mtunzaji. Ng'ombe mwenyewe alikuwa mweusi na madoa meupe, wa mbegu ya wale walioachwa na Wajerumani wa Kwai, mkubwa kama kabati. Tulimwita Serikali, na aliyempa jina hilo ni mimi.

Baba alikwenda kupaona, akarudi ameinamisha kichwa. "Pazuri," akamwambia mama. "Ila ni mbali na ofisi. Mbali kweli."

"Una baiskeli," mama akasema.

"Baiskeli haina mabawa, Mama Eliza."

Wakabishana kwa Kishambaa kwa sauti ya chini, lugha waliyoiweka kwa mambo mazito, na mimi nilijifanya nimelala. Nilisikia mwisho wake. Baba alisema: "Basi twende. Ndama wetu akizaliwa, tunashuka." Maneno hayo niliyakamata nikayafumba mkononi kama sarafu ya sadaka, na nilipanda nayo mlima wote, nyuma ya mama aliyebeba godoro kichwani.

Kule juu mama alichanua. Siwezi kusema uongo, hata mimi nilinenepa. Kulikuwa na maziwa, maharage, viazi, miplamu miwili nyuma ya nyumba, na baridi ya kukufanya upende watu. Mdogo wangu Yona alizaliwa pale na hakuwahi kuumwa kifua. Mama aliimba akikamua. Aliposhika jembe udongo ulikuwa mweusi, akaunusa kabisa, jamani, mbele ya watu.

Lakini baba akapotea. Asubuhi nilipoamka alikuwa ameshaondoka, kigoda chake kimepoa. Mchana kengele ya ofisi haikufika huko juu, na ugali wa mchana tulikula mama na mimi tukitazamana. Jioni, ukungu ukishaanza kushuka, ndipo alipotokea kwenye njia, mgongo umepinda, anasukuma baiskeli. Alikuwa anapumua kwa mdomo. Nikimkimbilia alinishika kichwa kwa mkono mmoja, "Mama, hujambo," basi. Alikula macho yakifumba. Tonge la kwanza alisahau ni la nani. Jumamosi, akitoka ofisini, palikuwa na shamba la ujamaa la kijiji, na mjumbe wa nyumba kumi hakutaka kusikia habari za mtu aliyechoka. Jumapili tulikwenda kanisani, na baba alisinzia tangu wimbo wa kwanza, mama akimfinya kila mchungaji alipomtazama.

Na mimi, kwa kuwa sikuwahi kumwona na ile baiskeli ila jioni, nilifikia uamuzi wangu wa kitoto: baba hajui kuendesha. Ana baiskeli, anaipenda, anaipangusa matope, anaitembeza kwenda mjini na kurudi nayo, ila kuipanda hawezi. Nilimwonea huruma. Sikumuuliza, kwa sababu mtu mzima haulizwi aibu yake.

Wenzangu shuleni hawakuwa na adabu kama yangu. Nao waliishi kando ya njia hiyo na walimwona kila jioni. Mmoja, Shekue, kijana wa kichwa kikubwa aliyekaa dawati la nyuma yangu, akaanza: "Baba yake Eliza anachunga baiskeli! Wenzake wanachunga ng'ombe, yeye anachunga baiskeli!" Darasa zima likacheka. Ikawa wimbo. Kengele ya mapumziko ikilia, mtu analia "ng'ooo!" kama ng'ombe na mwingine anapiga kengele ya baiskeli kwa mdomo.

Wakati huo Serikali alizaa ndama wake wa kwanza. Loo, furaha niliyokuwa nayo! Nilifunga vitu vyangu kwenye kitambaa: gauni la Krismasi, kikombe changu, mfupa niliouchonga mdoli. Nikaketi mlangoni. Mama aliponiuliza nasafiri kwenda wapi, nikamwambia, "Mjini. Si ndama kazaliwa?" Mama hakucheka. Aliniketisha karibu yake akanieleza upya habari ya wa kwanza na wa pili, na ndama yule alipoachishwa maziwa, Mzee Hoza alikuja na kamba yake mwenyewe akamchukua, akarudi tena kuulizia kamba nyingine aliyodai aliisahau. Kitambaa sikukifungua. Nilikitia chini ya kitanda vilevile kilivyofungwa, kikasubiri pamoja nami.

Siku moja Shekue aliimba wimbo wake nikiwa na njaa. Nilimrukia. Mimi nilikuwa mdogo, yeye kichwa chake pekee kingetosha kunishinda, lakini nilimng'ata bega mpaka akalia, naye akanipiga kiwiko cha taya. Kesho yake shavu langu lilivimba kama andazi na jino likawa linapiga ngoma. Mama akamwambia baba, "Kesho shuka naye hospitali."

"Mlipigania nini?" baba akauliza.

Nani angemwambia?

Alfajiri aliniamsha yeye mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tupande kumwona baba asubuhi ya kazi, na nilishangaa: hakuwa mtu yule wa jioni. Mgongo ulikuwa umenyooka. Alikuwa amefunga viatu vyake vya ofisi kwa kamba zake na kuvitundika shingoni, miguuni amevaa makatambuga ya mpira wa gari. Akanifunika blanketi, akaniweka kwenye keria, akaitoa baiskeli mpaka njiani. Nikashika kiti, nikajiandaa kusukumwa polepole mpaka mjini, na moyoni nikaomba Shekue awe bado amelala.

Baba akaitupa miguu juu ya ile baiskeli akapanda.

Wee! Nyie! Sijui niwaelezeje. Njia ilituvuta. Upepo ulinifumba macho na kunifumbua. Miti ya msitu wa Magamba ilikuja na kupita, ukungu ukachanika katikati yetu, matone yakanipiga kwenye shavu lenyewe bovu na sikusikia maumivu. Nilipiga kelele, "Tate! Unajua!" Tate ndivyo tulivyomwita baba nyumbani. Naye akacheka, kicheko nilichokisahau, cha saa saba mchana. "Najua nini, mama?" Lakini nilikuwa nimeshaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Penye kona alikandamiza katambuga kwenye tairi la mbele kusaidia breki, harufu ya mpira ikafuka, nikaivuta kama marashi. Wanawake waliobeba kabichi kwenda sokoni walijibanza ukingoni, wakaamkia, "Onga makeo!" na baba akawajibu kwa kuimba, kila mmoja kwa sauti yake. Alikuwa anaimba kila asubuhi, kumbe. Dunia nzima ya barabarani ilimjua baba yangu akiimba, ila mimi.

Alisimama mara moja tu, kwenye kona kubwa yenye mkaratusi mnene ulioparamia ukingo wa njia. Akashusha pumzi, akanifuta pua, akanionyesha mabati ya mjini chini kabisa, yanang'aa. "Haya mama," akasema, "nieleze. Dunia imekwendaje?"

Nikamweleza yote. Miezi na miezi ya dunia. Habari ya Shekue tu ndiyo niliyoiruka.

Hospitali waling'oa jino, na mengine ya siku hiyo siyakumbuki. Nakumbuka kurudi. Jioni aliniweka tena kwenye keria akaanza kusukuma, na nikamwona mgongo kwa karibu. Shati lilianza kulowa kabla hatujafika Magamba. Mishipa ya shingo ilisimama. Nilisema, "Nishuke nitembee, Tate." Akasema, "Kaa." Penye mkaratusi akasimama, akaegemea mti, hakunionyesha kitu wala hakuniuliza habari za dunia.

"Umechoka?" nikamuuliza.

"Asubuhi inanibeba, jioni naibeba," akasema akiipigapiga baiskeli tandiko. "Hatudaiani."

Kuanzia siku ile Shekue aliimba mpaka akachoka, nikawa namtazama tu. Masikini, hakuwahi kumwona baba yangu asubuhi.

Ndama wa pili alizaliwa msimu wa mvua, mchana, mimi na mama tukivuta miguu yake kwa pamoja. Jike! Nilikimbia na damu mikononi nikampokea baba mbali kabisa huko njiani. "Tate! Wetu kazaliwa! Jike!" Baba aliiachia baiskeli ikaanguka kwenye matope, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akakimbia na makatambuga yake mpaka zizini. Akapiga magoti. Alikuwa na kitu chake chenye pumzi, si cha ofisi wala si cha Mzee Hoza.

Mimi nilikwenda nikakivuta kitambaa changu chini ya kitanda.

Haukupita muda Bi. Zaina akatuma salamu kupitia kwa baba: chumba chetu kiko wazi, na kodi atapunguza kidogo kwa sababu wapangaji waliofuata walikuwa walevi na alikuwa ametukumbuka. Jumapili baada ya kanisa baba akatukalisha jikoni, Yona amelala mgongoni kwa mama.

"Nilisema ndama akizaliwa tunashuka," baba akaanza. "Mnasemaje?"

Mama alitazama moto. Nilijua anachokitazama: viazi vyake, zizi lake, miplamu yake. Kisha akasema, "Tushuke. Miguu yako naikanda mimi kila jioni kwa maji ya chumvi. Naijua. Tushuke, Baba Eliza, ndama tutamwacha kwa mtu." Akasema hivyo machozi yanamshuka mpaka kidevuni, hakuyafuta.

Baba akakuna goti. "Nani mwingine anataka kushuka?"

Nikanyoosha kidole kama shuleni.

"Kwa nini, mama? Huku hupapendi?"

"Napapenda."

"Sasa?"

"Nataka kukuona."

"Si unaniona kila siku?"

"Nakuona jioni," nikamwambia, "ukiwa umeshaisha."

Kuni zilipasuka. Baba aliinuka akatoka, na kwenye upenyo wa mlango nilimwona amesimama zizini, mkono juu ya mgongo wa ndama, muda mrefu, mpaka mama akaniambia nisimtazame. Aliporudi alisema neno moja tu, alimwambia mama: "Panda viazi vyako." Ndiyo kusema hatushuki. Nikaenda kulala na kitambaa changu kifuani, sikula, na hasira niliyokuwa nayo ilikuwa kubwa kuliko nyumba.

Nilihisi mkono begani. Nje weupe ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. "Mama, amka," baba akanong'ona. "Amka twende."

"Wapi?"

"Mpaka kona ya mkaratusi. Halafu utarudi kwa miguu, utawahi shule. Nimeamka mapema makusudi."

Ikawa hivyo. Kila asubuhi ya kazi, mvua au baridi, aliniweka kwenye keria. Wakati mwingine tuliimba, wakati mwingine aliniuliza hesabu za kuzidisha, na nikikosea alipiga kengele. Penye kona alisimama, tukakaa kwenye mzizi, tukagawana kiazi cha kuchemsha alichotia mfukoni mwa koti. Kipande cha kwanza kilikuwa changu. "Haya, dunia imekwendaje?" Halafu alishuka peke yake, viatu vinapigana kifuani, nami nikabaki kumsikiliza mpaka kengele yake ilipomezwa na bonde, nikapanda zangu nyumbani na harufu ya mpira kwenye kanga. Jioni alirudi ameisha kama kawaida, na sikudai kitu. Nilikuwa nimeshapewa changu.

Nilipokuwa mrefu miguu ikawa inaburuza chini, akasema sasa wewe endesha, mimi nikae nyuma, tukaangukia kwenye majani ya mtu tukacheka mpaka mwenye shamba akatoka. Baadaye nikaenda shule ya bweni Tanga, na kona ikabaki na Yona. Mke wa Yona anakamua mjukuu wa mjukuu wa yule ndama mpaka leo. Mkaratusi ule walishaukata kupanua barabara. Nilipopita mara ya mwisho niliomba gari lisimame, nikashuka, nikatafuta hata kisiki. Hakuna. Dereva aliuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia twende tu, baba. Ningempa mtu chochote nilichonacho nikae pale tena, na pua inatiririka, na nusu ya kiazi mkononi.

Jana jioni Amani alirudi kuchukua jibu langu. Binti yake, mjukuu wangu, alikuwa ameshalala kwenye kochi, kiatu kimoja bado kiko mguuni, amemsubiri mpaka usingizi ukamshinda.

"Mama, tuhame au tusihame?"

"Hameni," nikamwambia. "Mkeo anataka udongo, mpe. Lakini wewe, kabla hujatoka nyumbani, mwamshe mtoto."

"Alfajiri yote ile, mama? Atakuwa bado ana usingizi."

"Mwamshe," nikasema. "Panda naye pikipiki mpaka mahali. Hata kona moja inatosha."